Mbingu ya Kijani ya Mama Edith

Kwa kaka yangu Nyaga,

Habari za hapo Manyatta? Mguu wa Mama umepata nafuu, au bado anauburuta kwenda kuchuma majani chai na kukataa kupumzika? Na watoto wako, kikohozi kimewaachilia? Mimi ni mzima. Baridi ya huku Uingereza imeanza tena, ile ya kuingia kwenye mifupa, lakini nguo nzito ninazo na kazi inaendelea. Nakuandikia kwa sababu siku ile niliharakisha kwenye simu, nikakuomba kanda ya sinema bila hata kukueleza ya nini.

Unajua ninamtunza nyanya mmoja nyumbani kwake. Anaitwa Edith. Huku kila mtu humwita hivyo tu, hata mtoto wa jirani. Mimi nilishindwa. Mtu wa umri wa cucu, nyanya yetu mwenyewe, nitamwitaje jina tupu kama mtu niliyesoma naye? Namwita Mama Edith, naye amezoea. Shida yake ni kwamba kumbukumbu zinamtoka kidogo kidogo. Asubuhi ananiuliza kama mumewe ameshakunywa chai, na mumewe alifariki zamani.

Kitu ambacho hakuwa amesahau ni kazi yake ya ujana. Alikuwa mchoraji wa sinema. Na si sinema nyingine, kaka, ni zile zile za watu wa angani ulizokuwa ukituonyesha kwenye banda lako la video kando ya soko, ambazo wanatoa mpya mpaka leo. Wakati ule mahali pasipokuwepo duniani palichorwa kwa rangi kwenye kioo kikubwa, ikaachwa nafasi ya waigizaji, kisha picha ya kioo ikaunganishwa na ya waigizaji zikawa moja. Ile mbingu ya kijani yenye mlima uliopasuka, kwenye sinema ya kwanza, aliichora yeye. Aliponiambia, niliacha kukunja nguo.

"Mama, hiyo mbingu naijua," nikamwambia. "Niliiona nikiwa msichana mdogo, kwenye benchi za kaka yangu."

Alinishika mkono asitake kuuachilia.

Halafu mwanawe, Colin, akamletea zawadi ya siku ya kuzaliwa: sinema zote za mfululizo huo, toleo jipya lililosafishwa. Ni mtu mwema na alitaka kumfurahisha. Tukakaa watatu sebuleni. Mlango wa chombo cha angani ulipokaribia kufunguka, Mama Edith akainama mbele, maana alijua mbingu yake inakuja. Mlango ukafunguka. Haikuwa ile. Wenye sinema walikuwa wameifuta na kuweka nyingine ya kompyuta, ya zambarau, mawingu yanakwenda mbio na ndege wanaruka.

"Hii si yangu," akasema.

"Wameiboresha tu, Mama," Colin akamjibu kwa upole. "Ile ilikuwa imezeeka. Watoto wa siku hizi wangeicheka."

Mama Edith alingoja mpaka mwisho, majina yakipita, akitafuta lake. Halikuwepo. Anasema wachoraji wengi hawakuandikwa siku hizo. Basi akatugeukia na kuuliza kwa sauti ndogo, "Sasa ni nani aliniambia kwamba nilichora?"

Tangu hapo shaka ikamwingia. Nikimwogesha, ananiuliza kama ilikuwa kweli au aliota. Nikimwambia niliiona kwa macho yangu, anasema nina roho nzuri tu, namfariji. Akaanza kusukuma sahani. Chakula alichokipenda akawa hakitaki. Ndipo nilipokupigia kuomba kanda yako ya zamani, yenye mbingu ya kwanza.

Colin hakutaka tumwonyeshe. Tulizungumza jikoni.

"Wanja, kama si yake tutamvunja kabisa," alisema. "Na kama ni yake, itaonekana mbaya. Zile sinema za katikati, zilizotengenezwa kwa kompyuta za kwanza, nilipokuwa shuleni tuliapa kwamba wale wanyama ni wa kweli. Juzi nimewatazama tena, utadhani wamefinyangwa kwa sabuni. Kama hizo zimechakaa namna hiyo, ya kwenye kioo itakuwaje?"

"Itakuwa ya zamani," nikamjibu. "Hata yeye ni wa zamani. Hatumfichi."

Akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi tayari. Jioni yake aliniletea mashine ya kanda aliyoiazima kwa jirani.

Kanda yako ilifika salama, imefungwa kwa gazeti na gundi ya kutosha kubandika mlango. Picha ina mistari, rangi imefifia, na watu wanaongea kana kwamba wamo ndani ya pipa. Chombo kikipita angani, unauona kabisa uzi unaokishikilia. Mlango ukafunguka, na mbingu ikaja. Ni ya kijani, mlima umepasuka, mawingu yamesimama tuli. Ni mchoro, kaka, mtu yeyote anaona ni mchoro. Sijui sisi hatukuonaje.

"Simamisha!" Mama Edith akasema kwa nguvu.

Colin akasimamisha, picha ikawa inatetemeka. Huyu mama ninayemwinua kitandani kila asubuhi akainuka mwenyewe, akaenda mpaka kwenye televisheni na kuweka kidole begani pa mlima.

"Kivuli hiki kimekosewa. Jua liko upande huu, na kivuli kiko upande huu huu. Nilimwomba mkubwa wetu anipe nafasi nikirekebishe, akaniambia watu watatazama chombo, hakuna atakayetazama kivuli." Akatugeukia, machozi yanamtoka na huku anacheka. "Mimi kila mara nilitazama kivuli."

Colin alijifunika uso kwa mikono. Ni nani mwingine angekuwa na uchungu na kivuli kile?

Alasiri nzima alizungumza, Colin akiuliza na yeye akijibu, na nilipoleta supu aliimaliza bila kujua kwamba anakula.

Sitakudanganya kwamba amepona. Kesho yake aliuliza kama aliwahi kufanya kazi yoyote maishani. Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu, Colin akanitangulia. Alivuta kiti, akamsimulia tangu kioo mpaka rangi, taratibu, kama unavyomweleza mtoto ametoka ukoo gani. Zamani alikuwa anakuja Jumapili tu. Siku hizi hupitia hapa kila akitoka kazini.

Nisalimie Mama, umwambie avae soksi nilizomtumia, asiziweke sandukuni kungoja mgeni. Msalimie wifi yangu, na mjomba wetu wa Kianjokoma, na dada yetu Muthoni huko anakofundisha Meru.

Nina ombi moja. Mama Edith ananiuliza watu wa kwetu walisema nini walipoiona mbingu yake. Nilimweleza juu ya jirani yetu Mzee Ireri, alivyokufanya usimamishe sinema ili aulize kama mbingu ya rangi hiyo huleta mvua, na kama majani chai yanaweza kumea chini yake. Mama Edith alicheka mpaka akakohoa, na sasa anataka habari za wengine. Mimi nilikuwa mdogo, nilitazama mbele tu. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni, uliziona nyuso zote. Niandikie chochote unachokumbuka, hata kama ni neno moja la mtu mmoja. Nitamsomea.

Dada yako akupendaye,
Wanja