Mama, Kwa Nini Ulilikataa Jina la Faida?

Mama yangu,

Huu ni mwaka wa sita tangu tukuzike, na sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nakuandikia kwa sababu nakushuku. Ulinilea nisimseme vibaya marehemu, basi sitakusema vibaya. Nitakuuliza tu, na wengine wasome, maana sidhani kwamba hapa Tabora ni mimi peke yangu niliyekulia katika nyumba yenye mambo yasiyoulizwa.

Nianze na kitabu. Nilikuwa darasa la tano, tunakaa Isevya, wewe ukishona kwa cherehani yako barazani. Nilikuachia kitabu cha historia unijalidie kwa gazeti. Kesho yake mwalimu akasema tufungue mahali palipoandikwa habari za misafara, nami nikakuta kurasa mbili zimegandamana kwa uji wa unga wa muhogo. Nilipokuuliza ukasema, "Labda gundi ya jalada ilimwagika." Jalada liko nje, Mama. Gundi ilifikaje katikati ya kitabu?

Halafu zile Idi kwa bibi mzaa baba. Ulitupeleka kila mwaka, tumevaa nguo ulizotushonea, ukakaa pembeni mwa mkeka, na pilau ilipoletwa ukasema, "Mimi nimefunga." Siku ya Idi! Hata mtoto wa madrasa anajua kwamba siku hiyo haifungwi. Bibi alikutazama wala hakubisha. Nilikuwa mdogo, lakini niliona kwamba hakubisha, na nilijiuliza kwa nini, kwa sababu bibi yule alibishana na kila mtu.

Na nilipojifungua binti yangu, mawifi zangu walipendekeza aitwe Faida. Ulikuwa unamwogesha. Ukasimama na taulo mkononi, maji yakichuruzika hadi kwenye viwiko, ukasema, "Jina hilo halitaingia kwa mwanangu maadamu mimi nina pumzi." Mawifi wakacheka wakidhani ni utani. Mimi sikucheka. Tukamwita Salma, nawe ukaendelea kumwogesha kama hujasema kitu.

Ningeyaacha hayo yalale, kama si yaliyotokea shuleni kwangu mwaka huu.

Nafundisha darasa la tano, Mama, umri uleule niliokuwa nao mimi. Kitabu chetu kina picha ya watu waliofungwa shingoni, wamepangwa mstari. Niliisoma mada ile harakaharaka, nikaonyesha picha, nikaandika maswali ubaoni, nikapita. Sikuwauliza watoto wameelewa nini. Ukweli ni kwamba sikutaka kujua.

Kesho yake wakati wa mapumziko nikasikia vicheko nyuma ya jiko la shule. Nilikuta wasichana watatu wamefungwa kwa kamba moja ya kurukia, shingo kwa shingo. Wa mbele alikuwa Mwamvita, mtoto mpole ambaye huwa hasemi hadi aulizwe. Wenzao walikuwa wakiwaswaga. "Tembea, mtumwa! Bagamoyo bado!" Wale wawili wa nyuma walikuwa wakicheka. Mwamvita hakucheka. Nilipomfungua, kamba ilikuwa imemwachia alama nyekundu chini ya sikio.

"Nani amewafundisha mchezo huu?" niliwafokea.

Msichana mmoja akanijibu bila ubaya wowote, "Si wewe, mwalimu? Jana."

Mchana wake baba yake Mwamvita akaja. Ni fundi baiskeli. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Mwalimu, nani amekwambia habari zetu?"

"Habari gani, baba?"

"Usinizungushe. Watoto arobaini darasani. Kwa nini kamba ianzie kwa mwanangu?"

Nilimweleza nilivyoambiwa na watoto wenyewe, kwamba kamba ilikuwa ya Mwamvita, ndiyo maana wakamweka mbele. Nilimwapia kwamba sijui lolote kuhusu ukoo wake. Hakuniamini. Alinitazama muda mrefu, akiupima uso wangu, akaondoka bila kuaga. Na mimi nilibaki nimeketi pale nikiwaza: sura hii nimeiona wapi? Ilikuwa sura yako, Mama, siku ile umeshika taulo.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Urambo kwa Mama Mdogo, mdogo wako. Nilimkuta uani anachambua tumbaku, majani mazuri huku, yaliyoungua kule.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu."

"Mbona hukupiga simu?"

Nilijua kwamba ningepiga simu angepata safari ya ghafla. Sikumwambia hivyo. Nilikaa karibu naye, nikaanza kuchambua, na baada ya kitambo nikauliza, "Mama Mdogo, Faida ni nani?"

Mikono yake ikasimama.

"Dada yangu alikwambia?"

"Mama hakuniambia chochote. Ndiyo maana nimekuja."

Aliinuka akafunga mlango wa uani, ingawa nje hapakuwa na mtu. Aliporudi alizungumza akiyatazama majani, si mimi. Faida alikuwa bibi yenu, wewe na yeye, yule aliyemzaa mama yenu. Alichukuliwa akiwa mtoto ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa Wamanyema, akatembezwa na msafara hadi Tabora. Miguu yake ilikuwa imeoza kwa vidonda na msafara haukumsubiri, ukamwacha kwa kumuuza kwenye nyumba moja mjini. Nyumba hiyo ndiyo iliyompa jina la Faida. Jina alilopewa na mama yake hakulikumbuka, au alilikumbuka na hakutaka kulisema. Mama Mdogo hajui. Faida alifagia nyumba ile, akatwanga, akateka maji, akalea watoto wao. Nyakati zilipobadilika akaambiwa anaweza kwenda zake. Angekwenda wapi? Alikuwa amesahau hata njia aliyojia.

"Nyumba gani hiyo, Mama Mdogo?"

"Nyumba ya kina baba yako!" Alisema kwa hasira, kama vile mimi ndiye niliyemlazimisha kuificha. "Mama yako alipoolewa hakujua kwamba ndiyo nyumba hiyo. Mama mkwe wake ndiye aliyemwambia, Idi ya kwanza, mbele ya wageni. Alimwekea sahani akasema huku akicheka, 'Kula, mjukuu wa Faida. Leo umehudumiwa wewe.'"

Mama. Kumbe ndiyo hiyo saumu yako.

"Na baba? Alijua?"

"Hilo dada yangu hakuniambia."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakuhesabia makosa. Kwa nini ulitupeleka kila mwaka kwenye nyumba ile? Ulitaka tuwe na bibi, au ulitaka yeye atuone, vitukuu vya Faida, tumekaa kwenye mkeka wake tumevaa vizuri? Na kwa nini uliigandisha historia badala ya kunisomea? Nilikuwa na miaka kumi tu, ndiyo, lakini Faida alikuwa na mingapi? Kisha nikakumbuka darasa langu na jinsi nilivyopita juu ya picha ile mbiombio, nikajua kwamba mimi nami niligandisha kurasa, kwa namna yangu.

Jumatatu nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kulirudia somo. Akanitazama juu ya miwani. "Sina shida na somo. Nina shida na unachotaka kutuletea. Usije ukawapambanisha watoto kwa dini na makabila." Nilimwahidi kwamba sitafanya hivyo. Nadhani naye hakuniamini, lakini akaniruhusu.

Siku ya somo picha niliiacha imefunikwa. Sikumwambia mtoto yeyote aigize chochote, wala sikutaja mijeledi wala damu. Niliwauliza tu: mtoto wa miaka kumi hufanya nini tangu asubuhi hadi jioni? Nani humwita kula? Kwa jina gani? Walijibu kwa kelele, kila mmoja na jina lake la nyumbani. Kisha nikawaambia habari za msichana aliyeitwa jina lake asubuhi moja na mama yake, na asisikie tena mtu akimwita hivyo. Niliwaambia kwamba si kila aliyepita njia hii ya misafara alikuwa amefungwa, kwamba Wanyamwezi wengi walibeba pembe za ndovu kwa ujira wao. Niliwaambia kwamba walionunua na kuuza watu walitoka pwani na ng'ambo ya bahari, na wengine walikuwa watu wa hapahapa, na wote walikosea.

Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, nyie kwenu mlikuwa waliofunga au waliofungwa?"

Niliweka chaki mezani. "Kwetu tulikuwa pande zote mbili," nikasema. "Msichana huyo ni bibi wa mama yangu. Na waliomnunua ni ukoo wa baba yangu."

Na hapo Mwamvita, ambaye hasemi hadi aulizwe, akasema palepale alipokaa, "Mwalimu, basi huyo bibi hakuwa mtumwa. Alikuwa mtoto aliyeibiwa."

Niliichukua chaki. Nikaliandika neno lake ubaoni kama alivyolisema.

Nilipogeuka nikamwona baba yake amesimama dirishani, mikono myeusi kwa grisi. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Kengele ilipolia nilimfuata nje.

"Niliambiwa somo linarudiwa, nikaja nisikie utasema nini juu yetu," akasema.

"Nimesema juu ya kwetu."

"Nimesikia." Akafuta mikono kwenye suruali, ikazidi kuchafuka. "Bibi yangu naye aliletwa kwa njia hiyohiyo. Mke wangu hajui. Mtoto hajui." Akanitazama kwa lile jicho lake la kupima. "Ukiwa wewe, ungemwambia?"

"Ningemwambia. Lakini si kwa kunong'ona."

Watoto walikuwa wakimiminika kutoka darasani. Kisha akapaza sauti, mbele ya shule nzima, "Mwamvita! Njoo, mama. Kuna bibi yako mmoja sijawahi kukusimulia."

Walikaa kwenye ngazi za darasa, wawili tu. Mimi niliondoka, hayakuwa yangu kuyasikia.

Salma nitamwambia Ijumaa, akirudi kutoka shuleni. Nilitaka wewe ujue kwanza, kwa adabu. Wala usidhani nimeacha kukushuku, Mama. Kuhusu baba bado nakushuku, na kuhusu lile jina la kwanza la bibi yenu nakushuku zaidi, maana Mama Mdogo anasema wewe ndiye uliyekuwa ukilala naye kitanda kimoja. Kama aliwahi kumwambia mtu, alikwambia wewe. Nikija kaburini nitakuuliza tena, nawe hutanijibu, na nitakuja tena.

Pumzika. Watoto hawajambo.

Ni mimi, mwanao wa kwanza, kitukuu cha msichana aliyeibiwa.