Tarumbeta ya Kahiga

Wangui,

Githeri iko jikoni, ongeza maji kidogo. Kuku wamekula. Nimeenda Nyeri na mjukuu wangu Wachuka kumtafutia ngoma ya bendi ya shule.

Ndio, ngoma. Asubuhi nilimpa tarumbeta ya marehemu babake. Nikamwambia kwamba mwanangu Kahiga alipokuwa akiipuliza hapa Endarasha, nyati walikuwa wanatoka msituni kuuliza ni harusi ya nani. Alicheka, kisha akairudisha kwa sanduku. "Guka, si pumzi ya baba bado iko ndani? Nikipuliza itaisha."

Mimi na uongo wangu wote, nikafunga sanduku nikachukua kofia.

~~Mpelekee mwalimu wa bendi hiyo tarumbeta.~~ Iache hapo. Ukipangusa vumbi, mama Wachuka, pangusa nje tu.

Guka