Siku Saba Bila Kushika Jembe

Bukoba, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na mimi mstaafu sina pa kwenda.

Saa nne amekuja binti mwenye kishikwambi, anakusanya takwimu za watu wenye kazi. "Shikamoo baba. Katika siku saba zilizopita ulifanya kazi yoyote, hata kwa saa moja?"

Nimecheka. Swali hilo niliwahi kulizungusha mimi, kwa miguu, Izigo nzima, penseli sikioni.

Ilikuwa miaka ile UKIMWI ulipokuwa ukitumaliza. Nilipangiwa Izigo, kijiji chetu, kwa kuwa najua Kihaya, na nilivyojiona, acha tu! Kila nyumba napewa kahawa ya kutafuna, nakalishwa juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni. Harufu ya zile nyasi nimeikumbuka leo mpaka machozi yamenilenga.

Wiki ile jirani alikuwa amefiwa. Kwetu, matanga yakiwa hayajaisha, hakuna anayelima. Basi kila niliyemuuliza alijibu hapana, nami nikaandika: hafanyi kazi. Nilifurahi kwamba fomu zinakwisha haraka.

Nikafika kwa Mae, mama yangu. Kibanja chake, migomba na mibuni aliyoipalilia mwenyewe, ndicho kilicholisha watoto watatu wa marehemu dada yangu.

"Jembe nalishikaje, waitu, na wenzetu wako msibani?" alinijibu. Kisha akataka kujua nimeandika nini. Nikamsomea.

Aliangalia viganja vyake. "Haya. Wewe ndiye msomi."

Kanisamehe, najua. Mimi ndiye sijajisamehe.

Maana swali la pili lilikuwepo, chini ya lile la kwanza, la kumuuliza kila aliyejibu hapana. Nililiruka. Nilidhani ni la watu wa ofisini walio likizo. Kumbe lilikuwa la Mae, na la kijiji kizima.

Leo nami nilijibu hapana, na binti hakuliruka: "Je, una kazi ambayo hukuifanya wiki hii, lakini utairudia?"

Nikamjibu sina. Akashukuru, akafungua mwavuli, akaenda kwa jirani.

Nimekaa dirishani tangu hapo. Mae amelala kaburini kwenye kibanja chake, chini ya migomba yake mwenyewe, na magugu yamefika magotini. Ni mimi niliyeachiwa kukipalilia.

Nimemdanganya yule binti. Kazi ninayo. Mvua ikikatika kesho, napanda gari la Izigo na jembe langu.