Nyuki wa Mama Asekon na Maji Niliyomwaga

Kakuma, Jumapili baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanaisha,

Amani ya Mola iwe juu yako na wote waliomo chini ya paa lako. Kifua kimepoa? Rehema aliniambia kikohozi kilikuwa kinakuamsha, na tangu hapo kila nikimaliza sala nakutaja kwa jina. Shemeji Omari naye, mguu wake unamruhusu kwenda shamba? Mimi mwili ni mzima, Alhamdulillahi. Jua limenikausha kama samaki wa ng'onda, lakini nakula na nalala.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu ya huku hukatika pale pale unapofika kwenye neno lenyewe, na hili ni neno la kusemwa lote. Rehema akikusomea, asiruke kitu hata kama ni mimi babake ninayejiaibisha.

Unajua nilihamishwa Lodwar nikaletwa huku Kakuma na gari lile lile. Sasa hivi tunarusha droni, kile kindege kidogo chenye kamera kisichopandwa na mtu. Tunapiga picha za laga, yaani mto mkavu unaopita kando ya mji, ili ijulikane mafuriko yakija maji yatapita wapi na watu wasijenge hapo. Rubani ni Furaha, mwanamke wa Kikongo anayekaa hapa kambini kwa wakimbizi na wanawe wawili. Alisomea kazi hii hapo hapo kambini, na ndiyo kazi yake ya kwanza ya kuandikwa kwa karatasi. Yeye husimama chini na rimoti mkononi, mimi naendesha gari na kutayarisha mahali pa kurukia. Huniita Papa Bakari.

Pembeni mwa laga kuna migunga, na kwenye migunga hiyo kikundi cha wanawake wa Kiturkana wametundika mizinga ya nyuki. Mkubwa wao ni Mama Asekon. Tulipofika mara ya kwanza tulimwamkia ejok, ndiyo salamu yao, akaitikia, akatuonyesha mizinga yote tisa mmoja mmoja, kama mtu anayekutambulisha kwa watoto wake. Akatuomba jambo moja tu, kwamba nyuki wamepungua kwa kiangazi, tusiwaumize. Furaha akamwahidi.

Na aliitimiza ahadi yake, dada. Alihamisha mahali pa kurukia mbali na mizinga. Alikuwa akikipandisha kile kindege wima kwanza, juu kabisa, ndipo akisogeze upande wa miti. Nyuki mmoja akianza kukizunguka, anakiinua na kungoja mpaka aondoke. Hata saa alibadilisha, tukawa tunatoka mapema kabla nyuki hawajachangamka. Lakini kila siku chini palikuwa na nyuki waliokufa, mabawa yamekatwa, wengine wamekatika viwili. Mama Asekon akaja akawaona kwa macho yake. Hakugomba. Aliwaokota akawafunga kwenye pindo la shuka lake, akaenda zake.

Sasa nisikilize. Vumbi la huku ni jekundu na jepesi kama unga. Kindege kikiruka au kikishuka, upepo wake unalirusha likaingia kwenye mota. Kwa hiyo mimi, kwa akili yangu, nisiyetumwa na mtu, kila tukifika nilikuwa namwaga mtungi mzima wa maji pale chini ili vumbi litulie. Nilijisifu moyoni kwamba nimegundua jambo. Siku ya tatu nilikuwa nimechutama kando ya gari nikaona nyuki wanakuja, mmoja, wawili, kisha kundi, wanatua kwenye lile tope na kunywa. Kiangazi hiki, hakuna tone kuanzia hapa mpaka kwenye bomba la mji. Mimi ndiye niliyewawekea kinywaji, na kindege kinapokuja kutua kinawashukia wao.

Nilielewa pale pale, wala sitakudanganya kwamba nilichelewa kuelewa. Nikatazama kama Furaha ameona, nikakuta macho yake yako juu. Alipokishusha, nikawafukia wale waliokufa kwa mguu.

Unakumbuka madrasa walivyotufundisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuawa nyuki? Na sura nzima imeitwa kwa jina lao. Mimi niliyajua hayo, na mguu ukafukia. Nilikuwa na barua ya onyo tayari, ya mbuzi niliyemgonga kule Lokichar, na moyo uliniambia kosa la pili litanirudisha nyumbani mikono mitupu. Siku iliyofuata nikamwaga maji tena, maana nilifikiri nikiacha ghafla Furaha ataniuliza sababu.

Aliniuliza hata hivyo. Tulikuwa tunakunja vitu garini, akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Papa Bakari, mi nilipandisha juu, nikaenda mbali. Sasa bale banyuki banakufa juu ya nini?"

Nikamjibu labda ni joto.

Siku tatu nikakaa na jibu hilo. Kisha wanawake wakapeleka malalamiko, na mkubwa wetu akatoka Lodwar na karatasi. Tulikaa kivulini nyuma ya duka la kikundi, wanawake kwenye mkeka, sisi kwenye viti vya plastiki. Mama Asekon akafungua pindo la shuka akawamwaga nyuki wake kwenye mkeka. Mkubwa akasema Furaha ataachishwa kurusha, atatafutwa rubani mwingine kutoka Lodwar. Furaha hakujitetea. Alisema tu kwamba pengine mkono wake bado haujakomaa, na akaomba radhi. Akaanza kuvua kile kitambulisho cha shingoni.

 Nikasema bismillahi, nikasimama. Nikaeleza yote: maji, tope, siku ya tatu, na mguu. Mkubwa akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia niliogopa, sina neno jingine.

Bibi mmoja mkongwe akauliza wenzake kwa Kiturkana nimesema nini, na walipomtafsiria akacheka mpaka akajifuta machozi. Mama Asekon hakucheka. 

"Kumbe ni wewe," akasema. "Umeita wageni kwako wakunywe, halafu umeweka kisu kwa mlango."

Nikakubali ni hivyo.

"Sasa nyuki imezoea maji yako. Ukiacha, itaenda kwa bomba ya watu, na huko watachoma na moto. Wewe utaleta maji. Huku kwa mizinga, mbali na hiyo ndege. Mpaka mvua inyeshe. Na si mtu mwingine, mzee. Ni wewe."

Mkubwa akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Akamuuliza Furaha kama anaweza kurukia juu ya turubai kavu. Akasema anaweza. Mimi nikapewa onyo la pili, na nimeambiwa hakuna la tatu.

Basi ndivyo ilivyo sasa. Kuna makarai mawili chini ya migunga, nimeyajaza kokoto na vijiti ili nyuki wapate pa kusimama wasizame, na kila asubuhi nayatia maji. Kwa kurukia tunatandika turubai nililokuwa nikilalia chini ya gari wakati wa kulitengeneza, mbali, upande wa mawe. Siku ya kwanza nililipapasa lote kwa kiganja baada ya kutua. Nilimkuta panzi mmoja, mzima, akaruka.

Na hapa ndipo pagumu kwako. Niliwaahidi kwamba Ramadhani hii nitafunga nanyi, na likizo ilikuwa imekubaliwa. Nimeirudisha. Siwezi kuwaacha wale viumbe kwenye kiu ilhali nimewazoeza maji mwenyewe, na kumwachia mwingine nimekatazwa. Najua Rehema alishaanza kuhesabu siku. Mwambie babake anamwomba msamaha, na akinuna mwache anune, ana haki. Mvua ikishuka Turkana nitaomba ruhusa siku hiyo hiyo.

Furaha hakusema nami siku nne. Alikuwa akinipa ishara kwa mkono tu, twende, simama. Nami sikumlaumu. Jana kindege kilikuwa juu, kinarudi, mimi nimesimama kando ya turubai. Jua lilikuwa linampiga usoni, haoni chini vizuri. Akaniita.

"Papa Bakari. Tazama chini. Ukisema hakuna kitu, nashusha."

Nilipiga magoti, nikaangalia kila kona ya lile turubai, nikainua hata pindo. Nikamwambia hakuna. Hakuja kuhakikisha. Akakishusha.

Nisalimie Shemeji Omari, aliyenifundisha kushika usukani wa trekta kabla sijaota ndevu. Nisalimie Bi Zainabu, jirani anayekuchotea maji ukiwa mgonjwa, na Maalim Shee wa madrasa, umwombe aniombee dua. Rehema mwanangu namshika kichwa na kumbusu. Wewe kunywa tangawizi, na usitoke na umande.

Anayekuombea heri kila sala,
ndugu yako,
Bakari