Uso Mweupe Uliotoka kwenye Mashine

Kwako Kasongo, uliyekuwa mchumba wangu,

Barua hii ataibeba mtu anayesafiri. Siipeleki posta, maana barua za posta husomwa kwanza na wengine. Unanijua, miye ni mtu wa kushuku. Muuza nyanya akiniongezea moja bure, naigeuzageuza nikitafuta palipooza. Mama alikuwa anasema nilizaliwa jicho moja likiwa wazi, na wewe ulikuwa unacheka sana ukisikia hivyo, pale kwetu, mtaa wa mji huu uitwao komini ya Kenya, ukila ugali wa bukari na majani ya sombe ya mama huku baba akikanyaga cherehani yake. Kwa hiyo usishangae ninayokuandikia. Shangaa tu kwamba nimechelewa.

Nakumbuka siku mwalimu wetu alipotuita, wewe na miye, kwenye jumba la mahesabu kule chuoni Kasapa. Sikukuu ya chama ilikuwa inakaribia. Wakubwa wa chuo walitaka kuonyesha kwamba ordinateur yao, ile mashine ya kompyuta iliyojaza chumba kizima, inajua kutoa sura ya Rais, na sisi ndio tuliokuwa tunajifunza kuchora kwa mashine. Wenzetu wakatuonea wivu. Miye nikajiuliza palepale: kwa nini sisi? Ukaniambia, "Feza, mara hii furahi tu." Nikafurahi, kwa sababu ni wewe uliyesema.

Mashine ile haikujua kuchora mstari, ilijua kupiga herufi tu. Ilibidi picha igawanywe viraba vidogovidogo, kila kiraba kipewe namba, halafu mashine iweke herufi nzito penye giza na nukta penye weupe. Ukisimama mbali, unaona uso. Lakini nani angethubutu kupitisha kalamu juu ya uso wa Rais? Tulikuwa tumesikia ya mtu aliyefungwa kwa kufungia karanga ndani ya gazeti lenye picha yake. Ndipo nikaleta uzi wa baba. Tukapiga misumari midogo kwenye fremu ya mbao, tukavuta uzi kwa urefu na kwa upana ukafanya viraba, picha tukaiweka chini yake bila kuitia alama. Tuliinama juu ya nyuzi zile siku nyingi, vichwa vinagusana, wewe unasoma namba, miye naandika. Sijapata tena raha kama ile, Kasongo. Nasema wazi, ingawa nimeolewa.

Kosa tulilifanya pamoja. Wewe ulikuwa unahesabu mwanga: panapong'aa unatoa namba kubwa. Miye kwenye programu nilihesabu wino: namba kubwa, herufi nzito. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tulidhani tukipendana tumeshaelewana.

Siku ya kujaribu tulikuwa watatu: wewe, miye, na Papa Mwape, mwendesha mashine, mtu mzima wa maneno machache. Mashine ikaanza kunguruma, karatasi ikapanda mstari kwa mstari. Kofia ya chui ikatoka madoa meupe juu ya weusi. Paji la uso likatoka jeupe. Mashavu meupe. Meno meusi ti. Katika nchi ambayo hata tai za shingoni na majina ya Kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku, tulikuwa tumemgeuza Rais kuwa Mzungu. Papa Mwape akatazama mara moja, akaenda kusimama mlangoni, akatupa mgongo. Miye hofu ikinishika nacheka, ndivyo nilivyo. Nikaweka mdomo kwenye sikio lako, maana kwa kelele zile hukuweza kunisikia vingine, nikakuambia kwa lugha yetu ya mtaani kwamba Wazungu wamesharudi: "Kumbe Bazungu balisha kurudia."

Ulicheka mpaka machozi. Kisha tukaichoma karatasi nyuma ya jumba, tukasahihisha kosa, na uso mzuri, mweusi, ukatundikwa ukumbini siku ya sikukuu. Walitupigia makofi.

Sikukuu ilipopita nikaitwa kwenye ofisi moja mjini. Bwana aliyenipokea alikuwa amevaa abacost, ile suti isiyo na tai, na nilipotazama ukosi wake nikaujua mshono wa baba yangu. Akanikaribisha kiti kwa adabu. Akaulizia afya ya wazazi. Halafu akaniita raia, kwa Kifaransa cha serikali, akasema polepole, "Citoyenne, ni weye ulisema kumbe Bazungu balisha kurudia?"

Maneno yangu yaleyale, halikupungua hata moja. Nikafukuzwa chuo. Baba naye hakuletewa tena nguo za wakubwa.

Jioni ya siku niliyofukuzwa ulikuja nyumbani, ukalia mbele ya mama. Sikuwa nimekuuliza kitu, ukaanza wewe: "Ni Mwape. Ni yeye tu." Nikakubali. Papa Mwape alikuwa mbali, ametupa mgongo, na mashine ilikuwa inanguruma, lakini nikajiambia labda ana masikio makali. Naye akafukuzwa kazi. Mchongezi gani anafukuzwa? Nikajiambia wamemfukuza ili kutupumbaza. Nikamshuku mwalimu. Nikamshuku mfagiaji. Nikamshuku hata shangazi yangu, ambaye hajakanyaga Kasapa maisha yake yote. Mama aliponiambia, "Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako," nikamnunia. Wewe ukapata bursi ya masomo ya kwenda Bulaya, nikakusindikiza mpaka uwanja wa ndege na karanga za kukaanga, huku najivuna mbele ya watu.

Siku hizi nashona kwenye cherehani ya baba. Nasikia huko mashine zenu zinachora magari yenye vivuli, mpaka mtu anadhani ni foto. Nakuonea wivu, sikufichi. Ile ilikuwa kazi yangu pia. Lakini hata chuo kingenirudisha, bado kuna kitu nilikitaka zaidi miaka hii yote: isiwe wewe. Ningekubali awe yeyote mwingine, hata shangazi.

Juzi dada yako Mujinga, mwenye jina la kwenu lisilo tusi, alikuja kutoka mtaa wa Katuba nimpime gauni. Nilipokuwa nimepiga magoti, naweka pindo, akasema, "Kasongo anakusalimia sana. Anauliza kama ungali na kasirani na yeye." Nilikuwa na pini mdomoni, nikazichomeka moja moja mpaka pindo likaisha.

Kasirani ya nini? Tuliagana nikicheka. Barua zangu zote zilikuwa za mahaba. Aliyechoka kungoja akaolewa na mwingine ni miye, kwa hiyo mwenye haki ya kukasirika ulikuwa wewe. Kwamba nakushuku sikumwambia mama, wala mume wangu, wala Mujinga, na nafsi yangu mwenyewe niliikataza kulitamka. Basi ulijuaje kwamba kuna jambo la kukukasirikia?

Usinijibu, Kasongo. Umeshajibu.

Baki salama huko Bulaya, na baridi isikuumize.

Feza, uliyemwita mchumba