Mnavu wa Kando ya Reli

Toongabbie, Sydney
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana nataka uisome ukiwa umeketi. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Wundanyi? Na kikohozi cha Baba kimekwisha, au bado anakimeza akikusikia unaingia? Sisi huku ni wazima. Ni kweli, watoto wote wawili ni wazima. Lishike hilo kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Utajiuliza kwa nini barua na simu tunazo. Simu yako mnaiweka spika, Mama, na nyumba nzima inasikia, mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi. Hili silitaki kwa jirani. Dada mmoja wa kanisani kwetu anakuja Voi, nimempa bahasha aikabidhi mkononi mwako. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe shangazi.

Huku baridi imeisha na miti inachipua. Kwetu mvua ndiyo hutuambia majira yamegeuka, huku ni jua. Unatoka kazini unakuta bado kuna mwanga, na watu ambao miezi yote hawakukusalimu wanakusalimu. Kuna ndege wa rangi nyeusi na nyeupe ambao wakiwa na makinda hushuka kwa kasi na kumdonoa mpita njia kichwani, kwa hiyo watoto wanakwenda shule wamevaa kofia za baiskeli bila baiskeli. Mghoi anakimbia akipiga kelele, na mdogo wake Mkamburi, wajina wako, anasimama katikati ya barabara na kumkemea ndege kwa Kiingereza. Ungecheka. Nilikuwa nacheka mimi pia.

Nikawaambia watu wa nyumbani kwamba msimu huu mpya nataka tuishi kama familia. Wakati wa baridi kila mtu alikuwa anakula peke yake. Baba Mghoi anarudi kutoka ghala la Ingleburn amechoka, anakula amesimama jikoni. Mimi nala ndani ya gari la moshi nikienda kuwaosha wazee wa watu. Watoto wanakula wakiangalia katuni. Nikasema basi, jioni tunaketi mezani sote, simu zinabaki chumbani, tunaongea Kiswahili, na kwenye kila sahani kuna mboga ya majani. Mambo madogo tu, Mama, si kujenga ghorofa. Baba Mghoi akasema, "Sawa bosi." Mghoi akasema, "Do we have to?" yaani, ni lazima? Hilo la Kiswahili lilishindwa siku hiyo hiyo, maana wanaelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza.

La mboga ndilo lililonisumbua zaidi. Spinachi ya dukani wanaigeuza sahanini kama wanatafuta sindano. Siku moja natembea kwenda stesheni, kwenye kichochoro cha kando ya uzio wa reli, nikaona mnavu. Mama, nilisimama kama nimeona mtu wa kwetu. Umeota wenyewe, mnene, majani laini, na hakuna hata mtu mmoja anayeuangalia. Wenyeji wanaupita kama takataka.

Nilichuma ulivyonifundisha. Ncha tu, nikaacha shina lichipue tena, nikaruka yale yenye tunda lililoiva. Niliosha kwa maji ya chumvi, nikachemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikakaanga na kitunguu, nikautia maziwa na kuulaza usiku kucha. Kesho yake jioni tukala na ugali. Baba Mghoi alifunga macho. Mkamburi alilamba sahani na kuomba tena. Nikajiona mimi ndiye mama bora wa Sydney yote. Toka hapo kila wiki nikawa nachuma.

Sasa ngoja nikueleze kosa langu, na ukiniona mjinga usinifiche. Wiki iliyopita, Jumatano, natoka kazini, nikachuma kama kawaida. Kwenye majani machache kulikuwa na madoa ya buluu, kama mtu amekung'uta brashi ya rangi. Niliyaona, Mama. Nikafikiri ni mafundi wa reli wamepaka kitu. Kwetu, nani atamwagia sumu mboga inayoota njiani bila kuwaambia majirani? Mtu akipulizia dawa shamba lake, anapita nyumba hadi nyumba kuonya hata mwenye mbuzi. Nikayaacha yale yenye madoa makubwa, nikachukua mengine. Nikaosha mara mbili, nikapika, nikalaza. Alhamisi mvua ilinyesha, na jioni tukala.

Ijumaa asubuhi nikakuta mtu pale kichochoroni, amevaa fulana ya kung'aa na pampu mgongoni, anapulizia ukingo wote wa uzio. Kilichokuwa kinatoka kwenye bomba kilikuwa cha buluu. Nikamwuliza ni nini hicho. Akanijibu kwa upole, "Weed killer, love. Stand back a bit." Dawa ya kuua magugu, na nisogee nyuma. Nikamwuliza kama ndiyo mara yake ya kwanza kupita hapa. Akasema alipita Jumatano, lakini mvua imeharibu kazi, ndiyo maana anarudia. Rangi ile, akasema, inamsaidia kuona alipokwisha kupita.

Nikamshukuru. Hebu fikiria, nikamshukuru, na kumtakia siku njema. Kisha simu ikalia mfukoni, na ilikuwa nasari. Mkamburi ametapika, amelegea, nije kumchukua.

Mama, sijawahi kuogopa hivyo. Hata siku ile mto ulipombeba ndama wetu na mimi nimeishika kamba sikuogopa hivyo. Niliyaona macho ya Mkamburi, yale yale yako, na nikaona mkono wangu mwenyewe ukimtilia mboga sahanini, na kumwongeza alipoomba. Mchuma janga hula na wa kwao, nimeisema methali hiyo maisha yangu yote bila kufikiri sufuria.

Mimi siendeshi gari. Nikampigia Mama Nadine, jirani yetu Mrundi, aliyelelewa kambini Kigoma. Alikuja na gari lake, kandambili miguuni. Tukamchukua mtoto nasari, amelala begani mwangu mzito kama gunia, jasho jembamba, anasema tu, "Mummy, tummy." Njiani nikamweleza Mama Nadine yote. Taa nyekundu ilipotusimamisha akasema, "Dada, usiseme habari ya njia. Sema ulinunua ku soko. Watu ya hapa, ukisema umechuma majani barabarani ukapatia watoto, watachukua watoto. Niliona ile jambo."

Nikampigia Baba Mghoi, nikamwambia akamtoe Mghoi shule amlete, maana naye alikula. Yeye pia akasema vile vile. "Sema Auburn. Sema tulinunua Auburn kwenye duka la mboga."

Kwa hiyo niliingia hospitali na hofu mbili, na kila moja ilikuwa inanivuta upande wake. Nikisema kweli, labda wanangu wote wawili wataondoka mikononi mwangu. Nikidanganya, labda mmoja ataondoka kabisa. Nesi akaja na swali lile lile nililolijua linakuja. Tangu jana amekula nini?

Nilimtazama mtoto. Alikuwa ameshika kidole changu kimoja, kile cha shahada, anavyokishikaga akilala. Nikasema, "I picked it. From the railway. I think they sprayed it." Kwamba niliuchuma mwenyewe relini, na nadhani ulipuliziwa dawa. Nikasema yote, na madoa niliyoyaona nikayasema. Mama Nadine alikuwa nyuma yangu, nikamsikia akivuta pumzi.

Daktari alikuwa msichana mdogo, angeweza kuwa mdogo wangu. Alipiga simu kwa wataalamu wa sumu, akaniuliza kama kuna mabaki. Hapo ndipo desturi yetu ya kulaza mboga ilipotusaidia, maana nusu ya sufuria ilikuwa bado kwenye friji. Nikampigia Baba Mghoi apitie nyumbani, akaja na Mghoi mkono mmoja, na mkono wa pili amekumbatia sufuria iliyofungwa kitenge, anapita nayo katikati ya wagonjwa. Siku hizi siwezi kucheka, lakini picha hiyo naiweka.

Daktari alipofunua na kuniuliza jina la mmea, nikamwonyesha picha kwenye simu, na uso wake ukabadilika. Kumbe huku wengi wanaamini mnavu wenyewe ni sumu, hata bila dawa. Wanawafundisha watoto wasiuguse. Ikabidi nianze kueleza, nalia, kwamba bibi yangu alikula, na bibi yake, na wewe unaula leo ukiwa na afya zako. Alinisikiliza. Hakunicheka. Akaandika, akapiga simu tena.

Walimtia maji ya dripu, wakamtoa damu, yeye na Mghoi. Mghoi alikuwa mzima, anauliza kama atapata cheti cha kukosa shule. Mkamburi alitapika mara nyingine mchana, kisha akalala. Jumamosi aliamka na kuomba tosti. Nikaenda chooni nikalia mpaka nikaishiwa.

Unajua daktari aliniambia nini? Kwamba huenda ni dawa, ingawa kidogo sana. Huenda pia ni ugonjwa wa tumbo, maana kuna watoto wengine wa nasari walitapika wiki hiyo hiyo. Damu haina ubaya. Hawajui, Mama, na hawatajua. Wote walifurahi isipokuwa mimi, maana ningependa mtu aniambie, ni wewe uliyemdhuru au si wewe.

Na mtu wa ustawi wa jamii, yule tuliyeogopa atachukua watoto, alikuja. Mwanamke wa makamo, mpole, amevaa viatu vya raba. Akaketi karibu na kitanda na swali lake la kwanza likawa, "Nyumbani chakula kinatosha?" Nikamwambia friji imejaa. Akaniuliza basi kwa nini nilichuma njiani. Nilitaka kumwambia habari za meza, na jua la jioni, na ncha laini, na jinsi Mkamburi alivyolamba sahani, lakini Kiingereza changu ni cha kuuliza wazee kama wamekwenda haja. Nikasema, "Because of my mother." Kwa sababu yako, Mama. Akatikisa kichwa kama ameelewa, sijui ameelewa nini. Jumanne hii alikuja nyumbani, akaangalia jikoni, akanywa chai yetu ya tangawizi, akasema hana wasiwasi na sisi. Watoto wako nasi, Mama. Mlango ulipofungwa Baba Mghoi alikaa chini pale pale sakafuni.

Ungedhani hofu ingeisha hapo. Haijaisha. Naosha nyanya mpaka ganda linatoka. Kichochoro kile sikipiti tena, nazunguka njia ndefu na kukimbilia treni. Mbegu za mnavu ulizosema utanipa nipande kwenye debe, usimpe huyo dada aliyekuletea barua arudi nazo, watazichukua uwanja wa ndege na kumsumbua bure. Na hata zingefika, Mama, sijui kama ningethubutu.

Mezani bado tunaketi. Hilo silikubali lishindwe. Lakini tangu tutoke hospitali, Mkamburi haanzi kula. Anashika kijiko na kunitazama. Jioni ya kwanza nilidhani hana hamu. Nikamwambia, "Kula mwanangu." Hakula. Mghoi ndiye aliyenieleza, bila ubaya, "She's waiting for you to go first, Mum." Anasubiri mimi nianze. Nikatia chakula mdomoni, nikameza. Mkamburi akaangalia shingo yangu mpaka kikashuka, ndipo akaanza. Sasa ni kila siku. Kwetu mwenye nyumba huonja pombe kwanza ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Mimi naonja ili mwanangu wa kumzaa ajue.

Nisalimie Baba, umwambie kikohozi nimekisikia hata huku. Msalimie kaka, na mkewe aliyejifungua juzi, nitawatumia nguo za mtoto. Msalimie shangazi, umwambie barua ilikuwa ya salamu tu. Msalimie mwalimu wangu wa kwaya kama bado anasikia. Baba Mghoi anakuamkia, Mghoi anakuamkia, na wajina wako amechora hapo chini kitu anachosema ni wewe.

Lipo moja nataka unijibu kwa mkono wako. Ulipokuwa ukipika, kabla ya kutupakulia, ulikuwa ukidondosha mchuzi kwenye kiganja na kuulamba. Kisha ulikuwa ukisimama kidogo na mwiko mkononi, sisi tumepanga sahani, tunalia njaa, na wewe umesimama tu, unatutazama mmoja mmoja. Miaka yote nilidhani ulikuwa unaonja chumvi.

Ilikuwa chumvi, Mama?

Mwanao akupendaye,
Wakesho