Unyevu wa Saa Nane Mchana

Urban, acha unachofanya usome. Leo Brigita nusura afutwe kwenye mashindano ya sayansi ya Dar!

Unakijua kile kihisi chake cha kupima unyevu, alichokifunga stoo ya vitabu na kuvuta waya hadi kompyuta ya maabara? Grafu kila siku saa nane mchana inaruka hadi asilimia tisini. Kiangazi hiki! Vumbi mpaka kwenye meno!

Mwalimu Aidan wa nidhamu akamburuta kwa mkuu. "Huyu binti amepika takwimu. Jina lake litoke."

AMEPIKA! Brigita, ambaye hata ugali unamshinda!

Machozi yalimlenga ila hakulia. Tangu juzi alikuwa na mtu wake anayemshuku. Akapitisha kidole kwenye grafu. "Mkuu, Alhamisi haikuruka. Alhamisi nani hakuwepo shuleni?"

Alhamisi Mwalimu Aidan alikwenda Peramiho kumwona mgonjwa.

Wakaongozana hadi stoo, saa nane ndiyo kwanza imepita. Urban, kihisi kimefunikwa kitambaa cha kufutia ubao, kimelowa chapachapa! Chini kuna mkeka na mto. MTO, ndugu yangu!

"Mkuu, kile kijitaa chekundu cha kihisi," mwalimu akanong'ona, "nilidhani ni kamera yako. Kila mchana nakifunika nijinyooshe kidogo."

"Na maji ya nini?"

"Kitambaa kikavu kilikuwa kinadondoka."

Brigita anakwenda Dar. Na mkuu kaamua atakayemsindikiza, awaeleze majaji ule unyevu wa saa nane umetoka wapi, ni Mwalimu Aidan mwenyewe.